Kiu ya Namba Sita

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Leo nimeamua kuwa mtu mkubwa. Naandika ili siku nikiulizwa ilianza lini, niwe na tarehe.

Habari yenyewe ni hii. Mradi wa mbaazi umebakiwa na mshahara wa fundi mmoja, na sisi tuko wawili. Kuna mimi, Atumani wa Jabe, miaka sita kazini. Kuna Honoré, miaka mitatu kazini na kalamu nne mfukoni. Mwisho wa mwezi Enjenia Sébastien ataandika jina moja. Mwenye jina anabaki. Mwingine anakwenda kuuza ndizi.

Shamba letu liko nyuma ya mtaa wa Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, lina seng'enge na mzamu mmoja wa kulilinda, Mawazo. Humo ndani imezikwa mirija minane. Kila mrija una ncha ya udongo wa kuchomwa chini, na juu una saa yenye mshale. Unaujaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Ardhi ikiwa kavu inayanyonya maji kupitia ile ncha, na mshale unapanda. Sifuri, ardhi imeshiba. Themanini, ardhi ina kiu ya kufa. Enjenia husema hatupimi maji, tunapima kiu. Husema hivyo kila Jumatatu, na kila Jumatatu Honoré huandika kana kwamba ni mara ya kwanza.

Namba moja hadi nne ni za Honoré, udongo mtupu uliopaliwa. Tano hadi nane ni zangu, nimetandaza majani makavu ya migomba. Mbaazi ziko kote. Mvua haijaonekana tangu Mei.

Vipimo vya leo. Kwake: 68, 71, 70, 73. Kwangu: 66, 9, 67, 69.

Tisa. Namba sita. Tangu Juni iko chini hivyo, nami naandika tu bila kuangalia; leo nimegonga kioo kwa kucha mara tatu. Tisa.

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini. Mimi nilikwenda moja kwa moja ofisini. Nikamwambia Enjenia kwamba ni namna ninavyolaza majani, moja juu ya jingine kama vigae, shina likielekea ziwani. Hiyo ya ziwani niliipata nikiwa mlangoni. Enjenia akavua miwani. Nikamwambia nimeupa jina: Mtindo wa Atumani.

Jumatano, 4 Agosti

Honoré ameanza fitina. Amemwambia Enjenia mbele yangu, kwa Kifaransa kizuri cha kuniudhi, kwamba mrija wa namba sita unavuja hewa. Mrija unaovuja husoma chini hata ukiuzika jangwani. Afadhali tuifute namba sita kwenye daftari, tusahau habari zake.

Haraka hiyo ya nini? Nikasema basi tubadilishane. Mrija wake wa namba tatu uje kwenye shimo langu la sita, wangu uende kwake. Tuone nani anavuja. Honoré akajikuna shingo, akasema si lazima. Enjenia akasema hiyo ndiyo sayansi.

Nimeuchomoa mwenyewe. Ncha imetoka na udongo mweusi, baridi, wakati juu vumbi linaunguza nyayo. Nimenawa kwa sabuni ya mke wangu Soumaya mara mbili, na bado mikono inanuka. Siyo uvundo. Ni harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu. Soumaya ameniambia nikale chakula changu barazani.

Ijumaa, 6 Agosti

Ushindi. Mrija wa Honoré kwenye shimo langu: 8. Mrija wangu kwenye shimo lake: 71. Mirija yote ni mizima. Ni mahali.

Tumeiacha ilivyo, maana namba iko kwenye kibao cha mbao kilichochomekwa kando, siyo kwenye mrija. Nilimwonyesha Honoré nikiwa nimeshika kiuno. Hakununa wala hakubisha. Aliangalia tu seng'enge upande wa Kinama, kisha akasema yamekwisha, Atumani, umeshinda, sasa iache.

Nilikuwa karibu kucheza. Halafu nikahesabu. Kutoka namba sita hadi namba tano ni hatua nane. Majani yale yale, mkono ule ule. Namba tano inasoma 67. Namba saba hatua nane upande wa pili, 68. Mbona hapo tu?

Nimeamua kutolifikiria jambo hilo.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimelifikiria siku tatu mfululizo. Nimepata jibu: Mawazo anakojoa pale.

Mzee yule analala kibandani, hana choo, na namba sita iko karibu na kibanda. Ni hesabu rahisi. Nikamwendea kwa ustaarabu, nikamsalimu, nikauliza habari ya wajukuu, kisha nikamwambia mambo yake nimeyajua.

Alikasirika hadi kofia ikaanguka. Akasema amezaliwa Kinama, amelea watoto saba, na hajawahi kuambiwa neno kama hilo na mtoto wa Jabe. Halafu akasema jambo jingine, polepole. Akasema, "Mi pale sipitagi. Hata kuzunguka nazunguka mbali. We pima majani yako, Atumani, lakini pale apana kanyaga na viatu."

Nikamuuliza kwa nini. Akaokota kofia, akaipangusa vumbi, akaingia kibandani. Mlango wake ni gunia, lakini aliufunga kama mlango wa benki.

Nimeondoka nikiwa nimemchukia. Lakini kabla ya kusoma namba sita nilivua viatu. Sijui kwa nini niliwaza kumtii mzee mkojozi. Ardhi chini ya majani ilikuwa laini. Nilipojaza maji kwenye mrija, viputo vilipanda kimoja kimoja, kwa kupokezana, kama pumzi ya mtu aliyelala. Viputo hupanda siku zote. Ni hewa tu. Nilivaa viatu upesi na kufunga kamba vibaya.

Jumatano, 11 Agosti

Enjenia ameleta lile silinda la chuma lenye mfuniko, la kupimia majani. Gesi iliyobaki ni ya majani mawili, matatu. Vikwazo vya nchi jirani viliondolewa Januari, gesi bado iko njiani.

Kazi yake ni hivi. Unakata jani, unalitia ndani, kikonyo kinachungulia nje kwenye tundu la mfuniko. Unafungulia gesi. Jani lenye kiu hung'ang'ania maji yake, inabidi usukume sana ndipo tone litokee kwenye kikonyo. Jani lililoshiba hutoa mara moja. Kitabu kinataka jani likatwe kabla ya mapambazuko. Kitabu hakiishi Bujumbura. Sisi tuna amri ya kutotoka hadi saa kumi na moja asubuhi, na baada ya hapo bariyeri mbili za askari. Kwa hiyo tunayafunga majani kwa karatasi ing'aayo kama fedha tangu jana yake ili yasijue kwamba kumekucha.

Jani la namba mbili la Honoré lilikataa hadi kumi na nne. Jani langu la namba sita lilitoa tone kwenye tatu. Enjenia alipiga kofi mezani. Mimi nilijifanya nimezoea.

Kisha akafunga gesi. Tone linatakiwa kurudi ndani ya kikonyo, limekuwa likirudi miaka sita yote niliyofanya kazi hii. Halikurudi. Likadondoka. Likaja jingine. Mfuniko umefunguliwa, jani liko mkononi mwa Enjenia, na bado linadondoka, tone baada ya tone, juu ya daftari. Likafuta tarehe.

Enjenia akasema ni mabaki ya shinikizo. Alisema mara mbili. Honoré akalichukua lile jani mkononi mwa Enjenia taratibu, akaenda kuliweka chini ya mbaazi lilipokatwa, akalifunika. Anajipendekeza hata kwa majani.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimeandika ripoti. Kurasa tatu. Mwishoni nikaona inakosa uzito wa kisomi, nikaongeza sentensi moja. Nimependekeza ichimbwe profili, yaani lile shimo la kina cha mita moja na nusu ambalo wataalamu wa udongo huchimba ili waone ardhi ubavuni, tabaka kwa tabaka. Nimependekeza lichimbwe penye kibao namba sita, ili Mtindo wa Atumani uonekane kwa macho.

Enjenia amefurahi kupita kiasi. Amesema miaka yote hii alingoja fundi mmoja aombe shimo. Ijumaa ijayo, tarehe 20, atakuja mwenyewe na wachimbaji wawili kutoka Mutakura.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Nimemwambia Soumaya aanze kuzoea kuniita chef, yaani bosi. Ameniambia chef akateke maji.

Jumatatu, 16 Agosti

Sijui nianze wapi.

Nilikuwa na mpango. Honoré hawezi kukaa kimya hivi bila sababu, nikajua atakuja kuliharibu shimo langu kabla ya Ijumaa. Nikatoka Jabe mara tu amri ya kutotoka ilipoisha, nikapita bariyeri zote mbili nikitabasamu, nikajificha kwenye mbaazi. Kulikuwa na mwanga wa kijivu. Kimya, hata mbwa wa Kinama hawakubweka.

Nikasikia maji. Yanamwagwa kidogo kidogo, namna unavyomnywesha mgonjwa.

Nikanyanyua kichwa. Mwanamke amepiga magoti penye namba sita. Amevua kandambili. Amesogeza majani yangu kando, vizuri, moja moja, na anamwaga kutoka bidoni, dumu la lita tano. Alipomaliza aliyarudisha majani jinsi yalivyokuwa. Ndiyo maana sijawahi kuona kitu. Anayalaza kwa ustadi kuliko mimi.

Nikasimama nikitaka kupiga kelele ya mwizi. Akageuka. Ni Caritas. Caritas muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa soko la Jabe, anayemwongezea Soumaya mkono mmoja kila siku bila kuombwa. Hakushtuka hata kidogo. Akanisalimia, akauliza hali ya mke wangu.

Kisha akanieleza, akikunja kitambaa cha kubebea bidoni. Mwaka 1995, siku watu walipokimbia Kinama, mumewe Léonce alipigwa risasi hapa. Wakati huo palikuwa pori. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Léonce alimwomba maji. Alisema neno hilo moja tu, mara nyingi. Maji hayakuwapo, na watu nyuma walikuwa wanasukuma, akaenda. Majirani walimzika siku ya tatu, hapo hapo alipolala, bila msalaba, maana msalaba ungewaletea maswali. Aliporudi Kinama, mradi ulikuwa umeshaweka seng'enge. Mawazo alikuwa mmoja wa wale majirani. Ndiye anayemfungulia.

Akasema anakuja kiangazi tu. Masika yakifika, Mungu anamnywesha mwenyewe.

Nilitaka kusema pole. Miezi mitatu nimeandika daftarini kiu ya mtu yule, kwa wino wa bluu, na kutia sahihi yangu. Niliona haya hadi masikioni. Nilimsaidia kubeba bidoni tupu hadi kwenye seng'enge, na wakati wa kuaga ndipo nikakumbuka Ijumaa.

Sikumwambia. Alinisoma usoni akaniuliza kuna nini. Ikabidi nimwambie.

Aliketi chini. Hakulia. Aliniuliza kama ni lazima wachimbe, na nani aliyeomba lichimbwe.

Nikasema ni wakubwa.

Jumanne, 17 Agosti

Sijala. Nimefikiria njia zote.

Nikisema ukweli, Mtindo wa Atumani umekufa, jina litakaloandikwa ni la Honoré, na isitoshe komini, yaani serikali ya mtaa, itasikia, itakuja na wanajeshi kumfukua Léonce ili wamwandikie faili. Nikinyamaza, Ijumaa watamfukua wachimbaji wa Mutakura kwa sululu. Nikiugua ghafla, watachimba bila mimi.

Saa tisa alasiri nikapata. Mirija yote inafanana. Ramani ya shamba aliondoka nayo enjenia aliyetangulia. Enjenia Sébastien ana goti bovu, shamba analijua kwa vibao. Basi kibao namba sita kiende penye nane, cha nane kije penye sita. Watachimba hatua kumi na sita kutoka kwa Léonce, kwenye udongo safi wa serikali. Caritas atabaki na mtu wake, mimi nitabaki na mshahara wangu.

Ni mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Una kasoro moja. Penye nane mshale uko 69. Inabidi nipateremshe mwenyewe.

Jumatano, 18 Agosti

Bidoni nne za lita ishirini, mbili kwa kila safari, kwenye baiskeli. Soumaya aliuliza bidoni zake zinakwenda wapi. Nikamwambia kazini. Akauliza kazi gani inayomfanya mtu atoe maji Jabe, ambako yanatoka siku moja kwa tatu, kuyapeleka porini. Atapika nini leo ni swali alilolirudia hadi nilipokunja kona.

Bariyeri ya kwanza walinusa bidoni wakidhani ni mafuta. Bariyeri ya pili walidhani ni kanyanga, pombe ya magendo, wakaniamuru ninywe. Nikanywa vikombe vitatu. Askari akasikitika, akasema kumbe kweli ni maji, na wewe ni mjinga tu. Safari ya pili waliniamuru ninywe tena, kwa furaha yao.

Nilimwaga yote penye nane. Ardhi iliyameza bila hata kuacha dimbwi. Nikabadilisha vibao. Mawazo alikaa mlangoni pa kibanda chake akiniangalia. Nilipomaliza aliniletea jiwe nigongee kibao kisilegee. Nadhani tumepatana.

Mshale penye nane, jioni: 22. Kesho narudi na bidoni mbili nyingine.

Ijumaa, 20 Agosti

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili tulifika Enjenia, wachimbaji wawili, mimi na Honoré. Honoré alitazama kibao namba sita, akatazama kule kilikokuwa. Yeye aliweka mrija wake mwenyewe kule, hakuna wa kumdanganya. Akainama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

Caritas alikuwa nje ya seng'enge na beseni lake la ndagala, kama mtu aliyepumzika njiani.

Wakachimba. Hadi kiwiko, udongo mbichi. Maji yangu, nikajisifu kimoyomoyo. Hadi kiunoni, bado mbichi. Hapo nikaacha kujisifu. Nilimwaga lita mia moja na ishirini tu, na miaka sita imenifundisha zinakofika. Zinafika kwenye kiwiko. Chini yake palitakiwa pawe vumbi. Palikuwa peusi na baridi, na ile harufu ikapanda, ya nyumba iliyofungwa. Enjenia aliweka kiganja ukutani mwa shimo akakiondoa kimelowa. Akaniuliza haya maji yametoka wapi. Nami nikaweka kiganja changu hapo hapo.

Mchimbaji mmoja akasimamisha sululu. Kiatu. Cha ngozi, cha kulia, cha mwanamume. Akakiweka pembeni kwa mikono miwili. Akachimbua kwa vidole. Kingine kikatokea. Kidogo. Cha mtoto wa miaka mitano, sita.

Wachimbaji walitoka shimoni bila kuambiwa. Honoré alifanya ishara ya msalaba, mimi nikasoma Fatiha, na nadhani tulimaliza pamoja. Enjenia alivua kofia, akasimama na goti lake bovu muda mrefu mno. Akasema tukiita komini watakuja na wanajeshi, na wanajeshi watauliza nani alijua nini. Kisha akasema virudishwe vyote kama vilivyokuwa, na udongo urudishwe kwa mkono, bila sululu.

Tulirudisha sote. Enjenia pia, akiwa amepiga magoti. Nilipotazama seng'enge, Caritas alikuwa ametua beseni chini, na mkono uko mdomoni.

Daftarini, Enjenia ameandika mwenyewe: profili haikusomwa.

Nilichagua mahali pale mwenyewe. Nilipachagua kwa sababu palikuwa pasafi.

Jumatatu, 23 Agosti

Honoré ameacha kazi. Amepata kufundisha shule ya msingi Mutakura. Alikuja kunikabidhi vitu vyake, na kabla ya kuondoka akaniambia kwamba yeye alimwona Caritas tangu Juni. Ndiyo maana alisema mrija umeharibika, ili namba sita itoke daftarini na mama wa watu aachwe. Akasema angejua nitaling'ang'ania vile, angeuvunja kabisa.

Nilimsikiliza hadi mwisho. Simwelewi mtu huyu. Alikuwa na siri ya kunimaliza kabisa, akakaa nayo miezi miwili bila kuitumia. Halafu watu wanasema ana akili.

Ameniachia kalamu moja.

Enjenia ameandika jina langu. Alipotia sahihi hakuniangalia. Nami sikuruka kama nilivyopanga kuruka. Nilijikuta naangalia viatu vyake.

Ijumaa, 27 Agosti

Shamba lote ni langu. Nimetandaza majani ya migomba hata upande wa Honoré. Nimerudisha vibao mahali pake, sita kwa sita, nane kwa nane, maana mambo yamepita na kazi ni kazi.

Naingia shambani bila viatu sasa. Siyo imani. Ni kwa ajili ya kutunza soli.

Usiku silali vizuri. Nikifumba macho nasikia mtu anaomba neno moja. Soumaya anasema ni mimi ninayeomba, usingizini, na kwamba akiniletea kikombe nakunywa chote bila kuamka.

Jumatatu, 30 Agosti

Vipimo vya leo, nimevisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti: 31, 24, 58, 19, 27, 8, 22, 10.

Mvua hakuna. Mbingu nyeupe ya vumbi hadi ziwani.

Nikamwita Mawazo. Hakuja, alinionyesha kwa kidevu. Kwenye seng'enge, pale pa Caritas, njia imekuwa pana. Nyayo nyingi, za miguu mitupu. Mawazo akasema wameanza kuja tangu Jumamosi. Habari ya shimo ilifika Kinama kabla ya udongo kukauka mikononi mwetu. Ni wanawake, na wazee wawili. Kila mmoja na bidoni yake, wengine na chupa tu. Akasema wengi hawajui watu wao wako wapi. Wanajua tu kwamba walikimbilia upande huu. Basi kila mmoja anachagua mahali ambapo moyo unamwambia, anasogeza majani, anamwaga, anayarudisha.

Nikamuuliza kama wanaongea. Akasema hapana. Wanamwaga, wanaondoka. Akasema kuna mmoja alizunguka shamba zima hadi jua likatoka, bidoni imejaa, akashindwa kuchagua, akarudi nayo nyumbani.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa. Nililia nikiwa nimeegemea ufito wa seng'enge hadi Mawazo akanipa kofia yake nijifute.

Jumanne, 31 Agosti

Nimelala kidogo, na asubuhi nimeziangalia zile namba upya, kwa utulivu.

Jamani, ni namba nzuri. Hakuna mradi wa kiangazi Afrika nzima wenye namba kama hizi. Mirija minane, saba chini ya hamsini, bila tone la mvua. Nimeanza ripoti mpya. Mtindo wa Atumani, sehemu ya pili: Matokeo kwa shamba zima. Nimemwambia Enjenia akiituma kwa wafadhili Brussels watatuongezea miaka miwili. Safari hii sikutaja shimo, mimi siyo mjinga. Enjenia aliuliza kama sina haja ya kupumzika.

Kitu kimoja tu kinaharibu picha. Namba tatu. Zote zinateremka vizuri, yeye yuko 58 na amekaa hapo. Kwenye mchoro anaonekana kama jino lililochomoza.

Jioni nikapita sokoni. Caritas alikuwa anafunika ndagala zake. Nikamsalimu, nikanunua ya kutosha, nikaulizia watoto. Kisha nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba nimesikia kuna mmoja aliyekosa mahali pa kumwaga. Kama ni hivyo, penye namba tatu hapana mtu. Pako wazi kabisa. Na kama yupo mwingine pia, wakija wawili itakuwa vizuri zaidi.

Aliendelea kupima ndagala zangu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, wapo wengi.

Nikafurahi. Alinifungia ndagala kwenye gazeti, akaniongezea mkono mmoja. Nimerudi nyumbani nikaandika moja kwa moja kwenye ripoti: namba tatu itakuwa imeshuka kufikia Ijumaa.